Naomba ushauri: tairi za theluji kwa Corolla, Montreal

Habari za majukumu, ndugu zangu. Nina Corolla ya 2015 yenye rimu za aloi za inchi 17, tairi za saizi 215/45R17. Hapa Quebec, jimbo la Kanada ilipo Montreal, sheria inataka tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na za kwangu ni za misimu yote, zina alama ya M+S (matope na theluji) tu. Lazima zile zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni.

Mwaka jana nilichelewa kuzibadilisha. Asubuhi moja nilikanyaga breki kwenye mteremko, gari likateleza polepole mpaka kwenye ukingo wa barabara, mtoto yuko nyuma. Sitaki kurudia.

Fundi ananishauri nishuke hadi rimu za chuma za inchi 16, tairi 205/55R16: nyembamba kidogo, zinakata theluji vizuri, na ubavu mrefu zaidi unavumilia mashimo. Naona ana hoja. Je, kuna aliyefanya hivyo kwenye Corolla kama hii? Na sensa za kupima upepo wa tairi, mlinunua seti ya pili ya rimu hizo au mnavumilia taa ya onyo kwenye dashibodi? Tairi zilizotumika misimu miwili nazo nizikwepe?