Unga umejaa chini ya gunia la mahindi, huyu ni mdudu gani?

MamaUyole: Habari zenu wadau. Mwezi wa nane nilinunua gunia sita za mahindi toka Mbozi, niliyakagua mwenyewe hayana hata tundu, nikaweka stoo. Jana naenda kuchota ya kupeleka mashine nakuta chini ya gunia mbili kuna unga kama mtu kamwaga sembe, nikiingiza mkono punje zimetoboka na vidudu vyeusi vinatembea. Maharage nayo yana vitundu. Jirani anasema nipige dawa tu, ila hiki ndo chakula cha wanangu mpaka mavuno, sitaki kubahatisha.

mkulima_mbozi: Pole sana dada. Uwezekano mkubwa umewanunua pamoja na mahindi. Fukusi anatoboa punje anataga yai ndani halafu anaziba, wewe unaiona nzima kumbe funza yuko humo anakula, mpaka atoke mkubwa ni kama wiki tano na kwa baridi yetu hata zaidi. Chota kikombe cha yale yanayoonekana mazima mwaga kwenye maji, yaliyoliwa ndani yataelea.

Halafu weka mdudu kwenye karatasi nyeupe umwangalie kichwa. Akiwa na mdomo mrefu mbele kama mkonga huyo ni fukusi. Ukimwangalia kwa juu kichwa hukioni, kimeinamia chini, na nyuma yuko butu kama kakatwa na kisu, huyo ni dumuzi, ndo huyo wakulima wanamwita Scania. Kwa unga wote huo mimi nahofia Scania.

Ilula_shambani: Kamwene. Hapo kwenye kumjua mdudu msipite haraka. Scania asili yake Amerika ya Kati, huku alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na dawa ya pirimifosi-methili peke yake, inayomaliza fukusi, yeye anaivumilia, ndo maana dawa ya vumbi inachanganywa na permethrini. Soma pakiti uone zote mbili zipo, kipimo ufuate kilichoandikwa, na usinyunyize juu ya gunia, mwaga yote chini kwenye turubai, chekecha, anika yakauke kabisa ndo uchanganye kwa koleo. Vile vidonge vya kufukiza usithubutu kuweka nyumba mnayolala mama, gesi yake inaua watu.

Maharage yatenge, mdudu wake ni mwingine kabisa na mahindi hali. Ukiona punje ina kiduara kama kidirisha, ngozi imebaki nyembamba, ujue bado yuko ndani hajatoka.

MamaUyole: Ndaga fijo. Nimeweka kumi kwenye karatasi ya daftari la mwanangu, saba kichwa hakionekani kabisa, watatu wana mkonga. Kwa hiyo ninao wote wawili. Kwenye maji nako zimeelea nyingi mpaka nimeumia roho. Kesho jua likitoka namwaga gunia zote sita, hata zile nne ambazo hazijaonyesha kitu. Zilizotoboka naweza kuwapa kuku?

mkulima_mbozi: Wape, ila zitenge kabla hujaweka dawa, na zenye ukungu usiwape. Hayo magunia ya zamani yachemshe au choma, wanajificha kwenye mishono.