Kikundi cha avenyu yetu, Kadutu, Bukavu: mtungi upi tununue?

Mama Furaha: Habari za jioni, majirani. Kabla hatujakusanya mchango wa mitungi ya kuzima moto, naomba ufafanuzi. Huko Nyawera nimeonyeshwa miwili ya bei karibu sawa: mmoja umeandikwa 2-A:10-B:C, mwingine 13A 89B C. Muuzaji anadai wa pili una nguvu kupita kiasi, maana namba zake ni kubwa.

Papa Espoir: Huyo analinganisha kilo na mita, mama. A ni moto wa vitu vigumu kama mbao, B ni wa vimiminika vinavyowaka, na namba huonyesha ukubwa wa moto ambao mtungi unaweza kuzima. Wa kwanza umepimwa kwa kanuni za Marekani, ambako kila 1 ya A huhesabiwa kama takriban lita 4.7 za maji, na 10-B ni futi 10 za mraba za mafuta yanayowaka. Wa pili ni wa kanuni za Ulaya: 13A ni rundo la mbao lenye urefu wa mita 1.3, na 89B ni lita 89 za kimiminika cha majaribio. Angalieni zaidi herufi C, kwa sababu kwa Wamarekani ni moto wa umeme, ilhali Ulaya ni moto wa gesi.

Mzee Kiongozi: Basi huo wa Ulaya tusiutumie kwenye waya?

Papa Espoir: Ukiwa wa poda unafaa, Mzee, ila msome lebo: huandikwa kama unaruhusiwa hadi volti 1000 kwa umbali wa mita 1. Swichi kuu izimwe kwanza ikiwezekana. Kwa nyumba zetu za mbao zilizobanana hivi, mimi ningeitazama A kuliko yote.

Mama Neema: Nasi tunaokaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila jioni?

Papa Espoir: Mafuta ya kupikia yana herufi yake, F kwa Ulaya na K kwa Marekani; B haitoshi, kwani poda huzima miali huku mafuta yakibaki na joto la kuwaka upya. Funika sufuria kwa mfuniko, uzime jiko kama unalifikia, na usimwage maji kamwe, la sivyo mafuta yatakurukia usoni.

Papa Bahati: Mimi ninao wa kilo 1 garini.

Papa Espoir: Huo huisha kwa sekunde chache, ndugu, tusiuhesabu.

Mama Furaha: Basi kesho nitauliza bei ya poda ya ABC ya kilo 6, na sitalipa kabla ya kuona mshale wa kipimo cha presha uko kwenye kijani na pini ingali na lakiri yake.