Msimu wa ATP (ziara ya tenisi ya wanaume) unamvunja mchezaji wapi zaidi? Tupeane uzoefu

Chaki: Ratiba ya mashindano ya Madrid imenikumbusha ule uwanja wa udongo wa bluu wa 2012. Miguu ilikuwa haishiki kabisa, Nadal na Djokovic wakatishia kutorudi, ATP ikaupiga marufuku. Hata kwenye udongo mwekundu pale ni mtihani: mji uko kama mita 650 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unapaa. Kaza nyuzi za raketi kilo 1 hivi, la sivyo kila fohendi inatoka nje.

MkonoKushoto: Kukaza siyo dawa, kiwiko ndicho kinacholipa. Acha nyuzi zilivyo, zidisha mzunguko wa mpira. Ukitoka hapo ni Roma, mpira mzito, unaanza kulegeza tena!

Chaki: Anayepiga mpira bapa, usiozunguka, atautoa wapi huo mzunguko? Kaza.

NyasiMbichi: Mnagombania nyuzi, na balaa lenyewe ni kutoka Roland Garros (udongo) kwenda Wimbledon (nyasi). Tangu 2015 kuna wiki 3 katikati, zamani zilikuwa 2. Kwenye udongo unaufuata mpira kwa kuteleza. Kwenye nyasi mpira haudundi juu, lazima ukunje magoti na ukate hatua fupi fupi. Raundi ya kwanza ndiyo hatari: nyasi bado mbichi, zina unyevu, ukigeuka ghafla nyuma ya mstari unaanguka. Wiki ya pili pale pameshalika, pamebaki vumbi la kahawia, mguu unashika. Vaa soli yenye vinundu vidogo, ile ya udongo iache. Kinachoanza kuuma ni nyonga.

SetiYaTano: Nyonga, kweli kabisa.

Wiki52: Mwili unapona, ila pointi za orodha ya ubora hukatwa baada ya wiki 52. Bingwa wa Grand Slam (yale mashindano makubwa manne) anapata 2000, aliyefungwa fainali 1300. Kumbukeni Wimbledon 2022: Warusi na Wabelarusi walizuiwa, ATP ikaondoa pointi zote. Djokovic akabeba kombe bila pointi hata moja, zile 2000 za 2021 zikafutwa, akaporomoka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7. Bingwa!

MkonoKushoto: Uonevu mtupu.

Chaki: Uonevu ulikuwa kwa waliofungiwa mlango. Pointi zingebaki, wao wangeshuka bila kugusa raketi.

MkonoKushoto: Kwa hiyo aadhibiwe aliyeshinda?

SetiYaTano: Tukirudi kwenye majeraha: ukikaa nje miezi 6 au zaidi, omba nafasi iliyolindwa. Wanachukua wastani wa nafasi yako ya miezi 3 ya kwanza ya jeraha. Inakuingiza mashindanoni tu, haikupi upendeleo kwenye droo, kwa hiyo raundi ya kwanza unaweza kukutana na namba 1.