Tupeane uzoefu: wenye hofu zisizoelezeka huku Kigoma na Tabora mnaishi nazo vipi?

Wakuu habari za leo. Mimi niko Kigoma mjini, ukoo wa mama uko Mwamgongo huko jirani na Gombe, usafiri wetu ni boti za mbao za Kibirizi, na mimi ziwa naliogopa. Sio ufukweni, pale naoga vizuri tu, ni kile kina. Tanganyika inashuka karibu mita 1,470, duniani inazidiwa na Baikal peke yake, sasa boti ikishaacha nchi kavu na maji yakageuka bluu nzito basi vidole vinakufa ganzi, kijasho chembamba, pumzi zinabana, moyo nausikia masikioni na naamini kabisa nakufa muda huohuo, na pembeni yangu mama wa watu ananyonyesha hana habari. Halafu mtu anakwambia mtoto wa Kigoma gani wewe. Inauma sana hiyo, jamani tusiwaambie watu hivyo.

Kilichonisaidia ni daktari mmoja aliyenielewesha kwamba lile wimbi lina kilele, mara nyingi ndani ya dakika 10 hivi linaanza kushuka lenyewe, na kwamba kila ukikwepa unapata nafuu ya hapohapo ila ubongo unaandika kuwa kukwepa ndo kumekuokoa, kesho hofu inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo tulienda kidogokidogo, kwanza kukaa tu Kibirizi kuangalia wanavyopakia magunia, baadae kupanda boti ikiwa bado imefungwa kamba, mama mdogo yuko pembeni hanisemeshi, baadae safari fupi ya karibu na ufukwe. Sasa hivi nafika Mwamgongo. Hofu bado ipo ila nasafiri nayo. Na boti ikijazwa kupita kiasi au upepo umechachamaa mimi nashuka, hiyo sio hofu ya ajabu hiyo ni akili timamu, tusichanganye.

Karibuni, kila mtu na yake.

Wa Ipuli, Tabora: Mimi damu na sindano. Naanguka kabisa, nimewahi kuzimia kwenye foleni ya kupima damu kabla hata sijafikiwa. Hii iko tofauti na ya kwako mkuu, hofu nyingi zinapandisha presha lakini hii presha inapanda kidogo halafu inaporomoka ghafla, ndo maana tunazimia. Nesi alinifundisha kukaza misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 mpaka 15 mpaka usikie uso umepata joto, unaachia kidogo unarudia tena. Mkono wa sindano uulegeze. Kuvuta pumzi ndefu na kujilegeza mwili mzima kwangu kulizidi kuniangusha.

Wa Kasulu: Radi. Wingu likifunga tu naanza kutetemeka, kazini nimeshaacha watu dukani nikakimbilia ndani. Nyumbani tulikua tunafunika vioo na kuvua nguo nyekundu kila mvua ikinyesha, nadhani ndo ilipoanzia. Siku hizi nahesabu toka mwanga mpaka mlio, sekunde 3 ni kama kilomita 1, nikiona zinaongezeka najua inaondoka zake. Ila chini ya mti sikai, na hilo sitaki mtu anitoe.

Mama wawili: Wa Ipuli, hiyo ya kukaza misuli mtoto wa miaka 8 anaiweza? Wangu akiona tu koti jeupe analegea.

Wa Ipuli, Tabora: Anaiweza dada. Mzoeshe nyumbani kwanza iwe mchezo, na siku ikifika mwambie mapema kuwa ni sindano, msimdanganye mnaenda kununua soda maana na soda ataanza kuiogopa. Mwambie nesi kabla kuwa huwa anazimia, watamlaza kitandani, akilala hata presha ikishuka haangukii kichwa.