Ramani ya mawazo kwa ofisi ya utalii Arusha: programu ipi, na inagawiwaje isomeke kwenye simu?

NyayoZaMeru (Arusha)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaozijua vizuri programu za kuchora ramani za mawazo (mind map), yaani michoro yenye wazo kuu katikati na matawi yanayotoka humo.

Ofisi ina watu 5 na inapeleka wageni Kilimanjaro na mbuga za kaskazini. Maelezo ya kazi yametawanyika: mengine kwenye madaftari, mengine kwenye kundi la WhatsApp, mengine wanayo waongoza watalii wa siku nyingi peke yao. Tunataka ramani moja inayoonyesha njia za mlima, kambi, vifaa, chakula, wapagazi, magari na usalama, ili mwongoza watalii mpya akiifungua aione kazi nzima kwa mara moja.

Rasimu imefika nodi 180 (nodi ni kila kisanduku cha maneno kwenye ramani) na imekwama hapa:

Kwanza, ikitumwa kwenye WhatsApp maandishi yanakuwa ukungu. Pili, kambi ya Barafu imeandikwa chini ya njia ya Machame, tena chini ya Lemosho, tena chini ya Umbwe. Ukirekebisha sehemu moja, nyingine zinabaki na maelezo ya zamani. Tatu, picha za kambi zinaonekana kwenye kompyuta moja tu, kwingine hazipo. Kompyuta zenyewe zina RAM ya GB 4 na hakuna fungu la kulipia programu kila mwezi.

---

Mchoraji_K

Mkuu, kwa kompyuta hizo na intaneti ya kusuasua, chukua Freeplane. Ni programu huria, ya bure kabisa, na inafanya kazi bila mtandao kwenye Windows, Linux na macOS. Inahitaji Java (programu nyingine inayoiendesha), kwa hiyo kwenye Windows pakua kile kifurushi kilichowekewa Java humo humo. Wengi hupakua kile kidogo, programu ikagoma kufunguka, wakadhani kompyuta ni mbovu. Faili zake zinaishia na .mm, kama za FreeMind, programu ya zamani zaidi ambayo Freeplane ilichipuka kutoka kwake. Ndani ni maandishi matupu, hivyo ramani yako ya nodi 180 bila picha ni nyepesi kuliko picha moja ya simu.

MindMeister, Coggle na Miro zinafanya kazi kwenye kivinjari na zina faida moja kubwa: watu kadhaa wanaweza kuchora ramani moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye mashine yake. Ila matoleo ya bure yana ukomo, na bando likiisha kazi inasimama. Kwa kikao cha ofisini cha kukusanya mawazo ni nzuri sana. Kwa kumbukumbu ya kudumu ya ofisi, nisingezishauri.

Ukiandika, acha mausi. Tab inazaa nodi mtoto, Enter inaongeza ndugu yake, F2 inarekebisha maneno, kitufe cha nafasi kinakunja na kukunjua tawi. Ctrl na mshale wa juu au wa chini inapandisha na kushusha nodi. Yaliyoko WhatsApp usiyaandike upya: yabandike kwenye Notepad, weka Tab mwanzoni mwa mstari kwa kila ngazi (mtoto Tab 1, mjukuu Tab 2), nakili yote, kisha bandika ukiwa umechagua nodi ya mzazi. Yanaingia yakiwa yamejipanga. Kinachoharibu hapa ni kuchanganya Tab na nafasi kwenye orodha moja, maana ngazi zinahama na wajukuu wanageuka watoto.

Sasa suala la Barafu, ambalo ndilo zito. Hapo programu haina kosa. Ramani ya mawazo ni mti, na kwenye mti kila nodi ina mzazi mmoja. Mlima hauko hivyo. Machame na Lemosho zinakutana kabla ya Barranco, Umbwe inaingia Barranco hapo hapo, na kwa kawaida zote zinaendelea Karanga na Barafu, zinatokea Stella Point na kushukia Mweka. Marangu na Rongai nazo zinakutana Kibo, zinatokea Gilman's Point, na zinashukia Marangu. Ukiziweka kambi chini ya njia, lazima urudierudie.

Fungua tawi kuu linaloitwa Kambi. Kila kambi iandikwe mara 1, na maelezo yake yote yakae hapo: maji yanapatikana wapi, vyoo viko wapi, upepo unapigaje, helikopta inaweza kutua au la. Chini ya kila njia weka majina ya kambi kwa mpangilio wa siku, kila jina likiwa na kiungo kinachorukia nodi yake kwenye tawi la Kambi. Ctrl na L inachora mshale kati ya nodi ulizochagua, lakini mishale ikizidi kumi hivi ramani inageuka utando wa buibui. Mahali ambapo unataka maelezo yenyewe yaonekane chini ya njia, tumia nakala pacha: unainakili nodi, kisha kwenye menyu ya kuhariri unachagua kuibandika kama pacha. Ukirekebisha moja, zote zinabadilika.

---

Karatasi_na_Wino (Moshi)

Nijibu la kugawa na kuprinti.

WhatsApp ikitumiwa picha kama picha huipunguza, na herufi ndogo ndizo zinazokufa kwanza. Itume kama hati, na iwe PDF. PDF inayotoka kwenye Freeplane inabeba herufi zenyewe, si picha ya herufi, kwa hiyo msomaji akivuta kwa vidole haiingii ukungu.

Kabla ya kutoa PDF kagua vitu viwili. Kinachotoka ni kile kinachoonekana kwenye skrini: tawi lililokunjwa linatoka limekunjwa, na yaliyo ndani hayaonekani. Vilevile noti zinazokaa kwenye kidirisha cha pembeni haziingii kwenye karatasi mpaka uruhusu zionekane ndani ya ramani. Mtu anagawa PDF akiamini maelezo ya usalama yamo, kumbe walioipokea wameona alama ndogo tu ya noti.

Halafu piga hesabu ya herufi kabla hujaenda steshenari. Chukua ramani yenye upana wa sm 60 na herufi za pointi 12. A4 iliyolazwa ni sm 29.7, toa kingo, zinabaki 27.7. Herufi zinashuka hadi pointi 5.5, na hizo hazisomeki kwa mwanga wa tochi ndani ya hema. A3 iliyolazwa ina sm 40 za kutumia, unapata pointi 8, inasomeka mezani. Kwa ukutani tafuta A1, upana wake ni sm 84.1, herufi zinakua hadi pointi 16. Kama A1 ni ghali, punguza upana wa nodi hadi sm 5 au 6 ili maneno yakunje mstari. Ramani inakuwa ndefu kuliko pana, na hesabu inakuwa nafuu.

Kwa simu, ramani nzima kwenye ukurasa mmoja haifai kabisa, hata iwe safi namna gani. Mtu anavuta, anapotea, hajui yuko tawi gani. Nakili tawi moja moja kwenye ramani mpya, peleka matawi yote upande wa kulia ili ukurasa usimame kama simu inavyosimama, na nodi zisizidi 30. Mpe mwongoza watalii PDF ya njia anayopanda kesho, ya kambi za njia hiyo, na ya usalama. Hizo 3 azipakue kabla ya geti, maana huko juu mtandao unashika sehemu na sehemu.

Jambo la rangi: fotokopi ya nyeusi na nyeupe inazifuta. Nyekundu na kijani zote zinatoka kijivu. Kama rangi nyekundu ndiyo inayosema "hatari", ongeza na neno lenyewe au alama.

---

Dada_Tengeru

Nakubaliana na waliotangulia, ila naona nodi 180 zina vitu ambavyo havikupaswa kuwa ramani.

Ramani ya mawazo haijumlishi. Ada, bei za magari, tarehe za safari na idadi ya mahema viende kwenye Excel, na kwenye ramani ubaki na kiungo cha faili hiyo. Chukua mizigo: kanuni ya hifadhi kwamba mpagazi asizidishe kilo 20 inafaa kuwa nodi, kwa sababu ni kanuni na haibadiliki kila safari. Mgawanyo wa kilo kwa kila mpagazi wa safari ya Jumanne ni jedwali. Ukiuweka kwenye ramani, wiki ijayo ni takataka, na hakuna atakayethubutu kuufuta.

Kingine ni usalama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Rasimu nyingi huwa na tawi la "ugonjwa wa mwinuko" lenye nodi za dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuyumba, kukosa pumzi. Ramani inazionyesha kama ndugu walio sawa, na sivyo. Kichwa kuuma peke yake ni cha kusimamisha upandaji na kuangalia. Mgeni anayeyumba kama amelewa, au anayekosa pumzi akiwa amekaa tu, anateremshwa muda huo huo, hata kama ni usiku. Huo ni mtiririko wa maamuzi wenye ndiyo na hapana, na mchoro wake ni mwingine. Uchoreni kwenye draw.io, ambayo nayo ni ya bure na ina toleo la kompyuta linalofanya kazi bila mtandao. Upitishwe na daktari, kisha uwe ukurasa wake peke yake. Kwenye ramani kuu ibaki nodi moja yenye kiungo.

Kuhusu maneno: Tony Buzan, Mwingereza aliyezieneza ramani hizi miaka ya 1970, alisisitiza neno moja kwa kila tawi. Kwa mtu anayejikumbusha alichokisoma, ushauri huo ni mzuri. Kwa ramani inayokwenda kwa mtu ambaye hakuwa kwenye kikao, neno moja halitoshi. "Maji" chini ya Barafu linasema nini? Andika "Hakuna maji, beba kutoka Karanga". Maneno 3 hadi 6, yenye kitenzi pale panapotakiwa kitendo. Kwa hiyo ile ya kikaoni iwe na neno moja moja, na ile ya kugawa iandikwe upya kwa vifungu. Kuigawa ile ya kikaoni kama ilivyo ndiko kunakofanya watu waseme ramani hizi hazieleweki.

Na taarifa za wageni (pasipoti, magonjwa waliyonayo) zisiingie kwenye ramani hata kidogo. Freeplane inaweza kufunga tawi kwa nywila, lakini ukilifungua kisha ukatoa PDF, yote yamo kwenye PDF. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na PDF ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp huwezi kuirudisha.

---

NyayoZaMeru

Nashukuru sana wakuu, na dada pia. Tawi la Kambi limeshafunguliwa, kujirudia kumekwisha. Ramani kuu imeshuka hadi nodi 95 baada ya kutoa bei na tarehe.

Yamebaki mawili. Picha bado hazionekani kwenye kompyuta ya pili. Na watu 2 wakifungua faili moja kwenye Google Drive, kazi ya mmoja inapotea. Dawa ni nini?

---

Mchoraji_K

Picha kwanza. Freeplane haimezi picha ndani ya faili ya .mm, inaandika tu mahali picha ilipo. Kama ilichukuliwa kutoka folda ya vipakuliwa ya kompyuta yako, kompyuta ya pili inaitafuta kwenye folda ambayo haipo. Fanya hivi: tengeneza folda moja ya ramani, ndani yake weka folda inayoitwa picha, na hifadhi faili ya .mm kabla hujaingiza picha yoyote. Mpangilio huo una sababu. Ramani ambayo haijahifadhiwa haina makazi, kwa hiyo programu inaandika njia ndefu (anwani ya faili kwenye kompyuta) kuanzia C:. Ikishahifadhiwa, inaweza kuandika njia fupi inayoanzia pale faili ilipo. Ukihamisha, hamisha folda nzima ikiwa imefungwa kama zip. Kutuma .mm peke yake ndilo kosa la kila siku.

Picha zenyewe zipunguze hadi upana wa pikseli 800. Picha ya simu ya megapikseli 12 ikifunguliwa kamili inakula karibu MB 48 za kumbukumbu. Picha 30 za namna hiyo zinakaribia GB 1.5, na mashine yako ina GB 4 ambazo Windows na kivinjari wameshazigawana.

La watu 2: Freeplane haina uandishi wa pamoja, na Drive haijui kuunganisha matawi. Anayehifadhi mwisho anafuta ya mwenzake, au mnapata nakala 2 zisizofanana. Teueni mtunza ramani mmoja. Wengine wanaandika marekebisho yao kwenye faili ndogo ya .mm yenye tawi husika tu, yeye anaifungua, analinakili tawi, analibandika mahali pake na kulifuta la zamani. Angalizo: ukifuta tawi lililokuwa linarukiwa na viungo, viungo hivyo vinakufa. Kwa nodi za kambi, arekebishe maneno ndani ya nodi iliyopo, asibandike mpya.

Jina la faili liwe na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe kwenye folda.

---

Karatasi_na_Wino (Moshi)

Tarehe hiyo hiyo iandikwe pia kwenye nodi ya katikati, chini ya jina. Kwenye WhatsApp faili inaweza kubadilishwa jina, na karatasi haina jina la faili kabisa. Mtu aliyeshika PDF ya miezi 6 iliyopita getini Londorossi aione tarehe kwa jicho, na mwenzake mwenye mpya aione pia.