Mjadala: Huduma kwa jirani katika sekondari za kanisa, iwe lazima na iandikwe kwenye ripoti?

Mleta hoja (mwalimu na mlezi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, Nyanda za Juu Kusini)

Wapendwa, naleta jambo linalotugawa walimu ofisini. Bodi ya shule yetu, sekondari ya bweni ya kanisa, inataka kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi atoe saa mbili kila Jumamosi: kuwachotea wazee maji, kuwasomesha watoto wa shule ya msingi, kusafisha zahanati. Wanafunzi kumi wawe na mlezi mmoja, na jioni wakae naye wasome Neno na kuzungumza walichokiona. Mahudhurio yaingie kwenye ripoti ya muhula, yapewe alama.

Ulezi na huduma kwenda pamoja naunga mkono kwa moyo wote. Tumezoea kuvitenga: kipindi cha dini darasani, na "matendo ya huruma" mara moja kwa mwaka, tena na basi la kukodi. Alama ndizo ninazozipinga.

Kwetu jembe ni adhabu. Mtoto akichelewa ibada ya asubuhi anapewa kipande cha kufyeka. Akiongea wakati wa prepo, yaani kujisomea jioni, ndoo kumi za maji. Mwaka jana niliwachukua vijana wa kidato cha tatu kwenda kwa bibi anayeishi peke yake nyuma ya shule. Njiani mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, sisi tumefanya kosa gani?" Nilikosa jibu, na swali lile ninalo mpaka leo. Tukiongeza alama juu ya hapo, huduma itabaki kuwa kitu cha kumwogopa mwalimu wa zamu.

Nyinyi mnaonaje?

Mzazi, Dar es Salaam

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mkristo na mtoto wangu yuko kidato cha nne. Tukubaliane kwamba mtihani wa taifa haumuulizi mtu alichota ndoo ngapi. Ada naitafuta kwa shida. Hao wa kidato cha pili na cha nne waacheni wasome, wengine waende.

Mzazi mwingine, Tanga

Assalaam alaykum na Bwana asifiwe, maana najua niko kwenye nyumba ya wenyewe. Binti yangu ni Muislamu na anasoma shule ya kanisa kwa sababu ndiyo nzuri iliyo karibu. Akimchotea bibi maji, kwetu pia hiyo ni sadaka, na nitafurahi. Tatizo langu ni hiyo jioni. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani. Mkifunga huduma na kikao cha Neno kwenye alama moja, binti yangu atalazimika kuchagua kati ya ripoti nzuri na dini yake. Vitenganisheni hapo tu.

Mchungaji mstaafu, Iringa

Mwanangu mwalimu, nimekusoma vizuri. Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Nia yake ilikuwa shule na jamii ziwe kitu kimoja. Lakini shule niliyosoma ilikuwa ya misheni, ikataifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na kujitegemea kukageuka kuwa mahindi ya shule tu. Tulilima, mwalimu akiwa amesimama kivulini na fimbo.

Ila sikubaliani nawe kuhusu lazima. Mama alinilazimisha kumpelekea jirani mgonjwa uji kila asubuhi. Niliuchukia ule uji! Mazoea yakaja kwanza, upendo ukafuata baadaye sana. Vijana wakingoja wapende ndipo waende, wataenda wale wale watano wa kwaya.

Mwalimu, Kisumu

Huku Kenya mtaala umeifanya huduma kwa jamii kuwa somo la lazima katika sekondari ya juu, kwa hiyo hoja ya lazima imetupita. Tahadhari yangu ni karatasi. Nimesahihisha ripoti tamu sana ya mwanafunzi ambaye hakutoka nje ya geti. Kama hakuna mtu mzima aliyekwenda naye, utajuaje?

Mchangiaji aliyelelewa kituo cha watoto, Moshi

Nasema kama mmoja wa "jamii" mnayoizungumzia. Kila Desemba walikuja wanafunzi na mchele, sabuni na simu za kupigia picha. Tulipangwa mstari, tukaimba, wakaondoka. Shule moja tu ilirudi kila mwezi. Matroni wao alikaa chini kwenye mkeka na sisi, akajua kwamba mimi nashindwa hesabu za sehemu, akaniletea dada mmoja wa kidato cha tano. Yule dada alinifundisha mwaka mzima na hakunipiga picha hata moja. Hamjauliza kama sisi tunataka kuhudumiwa, na na nani. Anzieni hapo.

Mleta hoja

Nimesoma yote, na baadhi yamenichoma. Mchungaji, naikubali lazima, lakini lazima ya kwenda tu, kwa vidato vyote. Mzazi wa Dar anisamehe, saa mbili za Jumamosi hazitamfelisha mtu. Kikao cha jioni kiwe cha anayetaka, na binti wa Tanga asiulizwe kwa nini hayupo. Alama bado nasema hapana: mlezi aende na kundi lake, akishika fyekeo kama wao, hatahitaji karatasi kujua nani alikuwepo.

Kabla ya hayo yote nitaomba kufyeka na kuchota maji viondolewe kwenye adhabu. Najua walimu wa nidhamu watanipinga. Na Jumamosi hii nitakwenda kwa bibi peke yangu, kumuuliza anahitaji nini.

Kikao cha bodi ni Alhamisi. Mchungaji, Iringa si mbali, ukiweza, njoo.