Mwanafunzi wa usanifu apimwe hesabu kabla ya kuanza masomo? Tujadili

MWANZISHA MADA, MWALIMU WA STUDIO
Wakuu, kila kundi jipya la wanafunzi wa usanifu likiingia, ugomvi ni ule ule: mtu aliyekuja kusomea michoro, mavazi au fanicha anakalishwa mtihani wa hesabu wa nini?

Tuelewane kwanza. Mtihani huu haumzuii mtu kuingia chuo, nafasi keshapata. Unaamua tu aanze na somo lipi la hesabu. Akifanya vizuri anaingia kwenye somo linalohesabika katika shahada. Akiteleza anapelekwa somo la awali: analilipia, linamla muhula mzima, na kwenye shahada haliongezi kitu.

Mimi nasema upimaji ubaki, ila maswali yaliyomo yatupwe karibu yote. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeufaulu mtihani huo bila jasho. Siku moja akataka kukuza mchoro wa A4 ujae A3, akaiwekea mashine asilimia 200. A3 ni A4 mbili, kwa hiyo mara mbili, si ndiyo? Sivyo. Kinachoongezeka mara mbili ni eneo. Pande zinakua kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani asilimia 141. Nusu ya mchoro ikabaki nje ya karatasi. Kutafuta x alikuwa anajua sana. Asichojua ni kwamba urefu na eneo havikui kwa mwendo mmoja. Skeli, uwiano, asilimia, pembe, kubadili milimita kuwa mita bila kupoteza sifuri: hapo ndipo kazi za watu zinapoharibika, na hapo mtihani haugusi.

MSANIFU WA MAVAZI
Naunga mkono. Sketi ya duara kamili, kiuno sentimita 72: gawa kwa mara mbili ya pai, unapata nusu kipenyo cha 11.5 hivi. Ukiisahau ile mbili unakata tundu la nusu kipenyo cha karibu 23, na kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Hesabu za logi, zile za kwenye mtihani, sijaulizwa na mteja hata mmoja.

MWALIMU WA HESABU
Mwalimu mwenzangu, pole, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Hiyo 141 imetoka wapi? Inatakiwa karatasi ambayo ukiikunja katikati umbo linabaki lile lile. Upande mfupi uwe 1, mrefu uwe x. Ukikunja, ule wa 1 ndio unakuwa mrefu, na mfupi unakuwa nusu ya x. Uwiano usibadilike, basi x kwa kipeo cha pili lazima iwe 2. Ndiyo maana A4 ni milimita 210 kwa 297. Huo ni mlinganyo wa kipeo cha pili, ndugu yangu, ule ule unaotaka utupwe.

Halafu kuna programu za usanifu ambazo umbo linaandikwa kwa fomula: unabadili namba moja, kiti kizima kinajipanga upya. Asiyeelewa herufi iliyosimama mahali pa namba atabaki kuburuta vipande kimoja kimoja. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kubadili mawazo akahamia usanifu majengo au uhandisi. Ukimpima skeli peke yake, unamfungia mlango ambao hata hajauona.

MWANAFUNZI, MWAKA WA PILI
Shikamooni walimu. Naomba niseme nami niliyeumia. Kabla ya kuja chuo nilikaa miaka miwili bila kushika daftari. Nikaambiwa mtihani ni keshokutwa, nikaingia hivyo hivyo, na kugawanya sehemu kwa sehemu nilikuwa nimeshasahau. Nikapelekwa somo la awali. Wiki ya tatu kila kitu kilikuwa kimenirudia, lakini kutoka haikuruhusiwa mpaka muhula uishe, na studio moja niliyoitaka, yaani somo la vitendo la usanifu, ilidai kwanza somo la hesabu la shahada. Nikaikosa. Matokeo yangu ya sekondari yalikuwepo kwenye faili, hakuna aliyeyafungua.

MWANZISHA MADA
Marahaba. Hilo lako ndilo linaloniudhi kuliko yote. Marekani wamelibishania kwa muda mrefu, na mwaka 2017 California ikapitisha sheria ya AB 705 inayovitaka vyuo vyake vya jamii, vile vya umma vya masomo ya miaka miwili hivi, vitumie masomo na alama za sekondari katika kumpangia mwanafunzi, na visimrudishe somo la awali isipokuwa kama kuna uwezekano mkubwa kwamba atashindwa. Anayehitaji msaada anaweza kupewa papo hapo, sambamba na somo la shahada.

Mwalimu wa hesabu, ya karatasi umenipata. Nafuta ile “karibu yote”. Lakini angalia ulivyoifikisha x: umeanza na karatasi na mkunjo. Mtihani unamrushia mlinganyo mtupu, kisha unamhukumu.

MWALIMU WA HESABU
Hapo sibishi. Ila alama za sekondari nazo zina mwisho wake. Aliyemaliza miaka 10 iliyopita utamsoma kwa faili la wakati ule? Mpe mtihani, mpe wiki mbili za kujikumbusha, mpe ruhusa ya kurudia, na matokeo yawe ushauri. Kijana huyu angepewa hizo wiki mbili tu, tusingekuwa na kesi. Na kikokotoo kiruhusiwe, jamani, studioni nani anagawanya kwa kichwa?

MSANIFU WA MAVAZI
Maneno matupu hayo. Wekeni swali moja ambalo nyote wawili mngelikubali kwenye huo mtihani mpya.

MWANZISHA MADA
Haya. Mwanafunzi ametengeneza mfano wa kiti kwa skeli ya 1:5, mbao tupu, na kila kipimo kimefuata skeli. Mfano una gramu 400. Kiti chenyewe kwa mbao hizo hizo kitakuwa na uzito gani?

MSANIFU WA MAVAZI
Gramu 400 mara 5. Kilo 2. Rahisi.

MWANAFUNZI, MWAKA WA PILI
Dada, samahani. Urefu mara 5, upana mara 5, kina mara 5. Ni mara 125. Kilo 50.

MSANIFU WA MAVAZI
Kilo 50? Hicho kiti atakisogeza nani?

MWALIMU WA HESABU
Na hilo ndilo swali la pili.